UZI: Nesi ni nesi popote? Tulinganishe kazi yenyewe nchi kwa nchi, mshahara tuuweke pembeni kwanza

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila mara humu linaingia bandiko la mtu anayeuliza nchi gani inalipa manesi vizuri, na majibu huwa yale yale: mishahara, ada za mitihani, mawakala. Kazi yenyewe ikoje hakuna anayeuliza. Mtu anafunga safari akiamini uuguzi wa kule ni huu huu anaoufanya, kilichobadilika ni lugha tu. Akifika anakuta cheo ni kile kile, kazi ni nyingine.

Mimi ni muuguzi, nimevaa sare katika nchi zaidi ya moja. Kwangu kuna maswali mawili yanayotangulia mshahara. Zamu moja unashika wagonjwa wangapi? Na sheria ya pale inakuruhusu kufanya nini kwa mikono yako? Ukishajibiwa hayo, mengine mengi utayabashiri mwenyewe, mpaka kiuno chako kitakavyokuwa huko mbele.

Tuanze na idadi, maana hapo ndipo nchi zinapoachana vibaya.

California walipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004. Leo wodi ya kawaida ya wagonjwa wa ndani au waliofanyiwa upasuaji, nesi mmoja hazidishiwi wagonjwa 5. Dharura ni 4, chumba cha mahututi ni 2. Na hesabu hiyo ni ya kila dakika, mchana na usiku. Ukienda kula, wagonjwa wako hawarundikiwi mwenzako, lazima awepo nesi wa kukushikia. Kuna watu ajira yao pale ni hiyo tu: kuzunguka wodi nzima wakiwashikia wenzao walioenda mapumziko.

Jimbo la Victoria, Australia, walianza mwaka 2000 kwa njia ya usuluhishi kati ya chama cha wauguzi na serikali, kisha 2015 wakaiandika kuwa sheria. Hospitali kubwa: wagonjwa 4 asubuhi, 4 jioni, 8 usiku. Mtaona usiku idadi inaongezeka maradufu. Kuna dhana imekaa vichwani mwa wapanga zamu duniani kote kwamba usiku wagonjwa wanalala. Aliyewahi kukesha na mzee aliyechanganyikiwa baada ya upasuaji anajua usingizi huo ni wa nani.

Uingereza mambo ni vipande vipande. England hakuna namba ya kisheria. Mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, ulionya tu kwamba nesi akizidisha wagonjwa 8 mchana hatari inaongezeka. Wales wana sheria yao ya 2016, na Scotland ya 2019 iliyoanza kutumika 2024, nazo zinadai hesabu ifanywe na iwekwe wazi, hazitaji namba moja kwa wodi zote.

Japan wamefunga jambo hili kwenye malipo. Tangu 2006 hospitali inayofikisha kiwango cha juu, wanachokiita 7 kwa 1 (wagonjwa 7 kwa nesi 1), inalipwa zaidi kwa kila mgonjwa aliyelazwa. Ila usidanganyike na hiyo 7. Ni wastani wa saa 24. Usiku unaweza kukuta wodi nzima ina manesi wachache sana na hesabu bado ikakaa sawa kwenye karatasi.

Ujerumani ndiyo inayoshangaza wengi. Nchi tajiri, vitanda vingi, vifaa vya kila aina, lakini tafiti za Ulaya za miaka ya 2010 ziliikuta na wastani wa wagonjwa 13 kwa nesi, wakati Norway walikuwa 5 na kidogo. Mwaka 2019 ndipo walipoanza kuweka kiwango cha chini kwa baadhi ya wodi.

Namba hizi zina uzito kuliko uchovu wetu. Utafiti wa nchi 9 za Ulaya uliochapishwa 2014, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi unaendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe. Jimbo la Queensland, Australia, waliweka kiwango chao 2016, wakapima hospitali zilizobanwa na zisizobanwa, na matokeo yakatoka 2021: kwenye zilizobanwa vifo vilipungua, waliorudi wodini baada ya kuruhusiwa hawakuongezeka ilhali kwenye zisizobanwa waliongezeka, na fedha zilizookolewa zikazidi zilizotumika kuajiri. Mtu akikuambia nchi haiwezi kumudu, mkumbushe hiyo.

Kuhusu mikono naandika chini, nipumue kwanza.

#2 Mpita_Njia

Naweka kiti hapa. Endelea kushusha nondo, mkuu.

#3 Bwana_Dripu

Mleta mada umeandika vizuri ila unakwepa ukweli. Mtu ana familia, ana madeni, halafu umwambie aulize wagonjwa wangapi kwa zamu? Akilipwa mara kumi ya anacholipwa sasa atashika hata wodi nzima peke yake. Pesa kwanza, hizo hesabu ni za walioshiba.

#4 Zamu_ya_Usiku

Bwana Dripu, sikatai pesa. Nami nakula. Lakini angalia walioshiba wenyewe wanagomea nini. Mwaka 2022 wauguzi na wafanyakazi wengine wa hospitali sita za vyuo vikuu huko Nordrhein-Westfalen, Ujerumani, waligoma wiki 11. Madai yao makubwa hayakuwa mshahara. Walitaka mkataba wa idadi ya wafanyakazi. Wakaupata, na ndani yake kuna jambo zuri kweli: ukifanya kazi zamu yenye upungufu unaandikiwa pointi, na pointi zikifika kiwango unapewa siku ya kupumzika yenye malipo. Yaani mwajiri akikulemea analipa kwa muda wako, muda ambao wala hana wa kukupa.

Uingereza Desemba 2022, mgomo mkubwa kuliko wote katika historia ya chama cha wauguzi cha RCN, ndiyo, ulikuwa wa mshahara. Lakini soma mabango yao. Waliunganisha yote mawili: mshahara mdogo unawakimbiza watu, wanaobaki wanabeba wagonjwa wa walioondoka, nao wanaondoka.

Sasa mikono.

Chukua usingizi wa upasuaji. Marekani kuna nesi bingwa wa usingizi anayemlaza mgonjwa, na katika majimbo mengi anafanya bila daktari wa usingizi kumsimamia. Ufaransa wapo, wamesomea zaidi juu ya uuguzi wa kawaida, ila wanafanya chini ya daktari. Sweden na Norway wapo. Vuka uingie Uingereza au Ujerumani: kumlaza mgonjwa ni kazi ya daktari, nesi anasaidia. Na sehemu kubwa ya Afrika anayelaza wagonjwa wengi si daktari hata kidogo, ni nesi au fundi aliyesomea usingizi, mara nyingi peke yake na mashine iliyochoka.

Kuandika dawa nako ni vivyo hivyo. Marekani walianzisha mafunzo ya nesi anayepima, kutambua ugonjwa na kutibu mwaka 1965 huko Colorado, kazi ya Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yanamruhusu afungue kliniki yake bila saini ya daktari, na yaliyobaki yanataka saini. Kwa hiyo nesi yule yule, elimu ile ile, akivuka mpaka wa jimbo anashuka cheo. Uingereza tangu 2006 nesi aliyesomea uandikaji dawa anaandika karibu dawa zote zilizo ndani ya ujuzi wake. Na kabla hawajafika hapo, Uganda mwaka 2004 ilibadili kanuni ili nesi aliyesomea tiba shufaa (kuwatuliza maumivu wenye magonjwa yasiyopona) aandike mofini. Fikirieni: mofini! Mpaka leo kuna nchi tajiri ambako nesi hawezi kuandika dawa kali ya maumivu kwa saini yake. Afrika Kusini nao kuanzia 2010 waliwaruhusu manesi kuwaanzishia wagonjwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na bila hivyo isingewezekana kuwafikia watu wengi kiasi kile.

Hapa nina neno. Kuna kuruhusiwa na kuna kulazimika. Nesi wa kituo cha mbali anashona, anatoa kondo lililokwama, anaanzisha dawa, kwa sababu daktari hayupo. Tunamsifia kwamba ana mikono. Lakini kama sheria haimtambui, siku mambo yakiharibika anasimama peke yake, na siku akihama ujuzi wake wote unasomeka sifuri kwa sababu haukuandikwa popote. Uganda na Afrika Kusini walifanya jambo la maana: walichukua kilichohitajika kufanyika, wakakifundisha, wakakiwekea sheria.

#5 Kanula_ya_Kijani

Niko Ujerumani, nathibitisha. Nilikotoka nilikuwa natafuta mshipa wa kichanga kwa tochi. Wodi ya kwanza niliyopangiwa huku, aliyekuwa anakuja kutoa damu asubuhi ni mwanafunzi wa udaktari, tena anachoma mara tatu na mimi nimesimama nimeshika bakuli. Nilitamani kulia.

Wengi hawaelewi hili: kabla cheti chako hakijatambuliwa, kisheria wewe si nesi huku. Ni msaidizi. Unapewa njia mbili, ufanye mtihani wa ujuzi au usome kozi ya kujazia mapengo, na kote huko Kijerumani lazima kifike B2, kiwango cha kuongea na kuelewa vizuri kazini. Shahada yangu haikumshangaza mtu. Wenzangu wa Kijerumani wengi wamesoma miaka mitatu kwa mtindo wa mafunzo kazini, huku wakilipwa. Tangu 2020 wameunganisha uuguzi wa watu wazima, wa watoto na wa wazee kuwa mafunzo ya pamoja, na sheria hiyo hiyo imetamka kwamba kutathmini mahitaji ya mgonjwa na kupanga huduma yake ni kazi ya nesi peke yake, daktari hawezi kumwamuru. Taratibu wodi zinabadilika, na siku hizi hospitali nyingi nesi anatoa damu. Inategemea umeangukia wapi.

Nami nitasema kitu kitakachowaudhi baadhi yenu. Kuosha wagonjwa kulinifundisha. Unapomwosha mtu unaona kidonda cha mgongo kabla hakijafunguka, unaona mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, unajua kama leo anakumbuka jina lake. Nilikuwa nadhani ni kazi ya chini. Sasa nikikabidhi zamu nina la kusema kuhusu kila mtu.

#6 Daktari_wa_Zamu

Mie daktari, mniruhusu niingie chumba cha manesi. Kuhusu kuosha: nchi nyingi ndugu ndio wanaoosha, kulisha na kugeuza. Na nimeona faida yake. Mgonjwa ana mtu wake, hali chakula kwa wasiwasi, na ndugu anaondoka anajua kumhudumia nyumbani. Huko kwingine ndugu anakaribishwa kwa saa, kama mgeni. Mbona hilo hatulihesabu?

#7 Zamu_ya_Usiku

Daktari karibu, kiti kipo. Nakubaliana na nusu. Ndugu kuwepo ni jambo jema. Ndugu kuwa ndiye mfanyakazi ni jambo lingine. Korea Kusini walikuwa hivyo kwa miaka mingi: familia inakesha hospitalini, au inamlipa mtu wa kukesha, na gharama ziliwaumiza watu vibaya. Katika miaka ya 2010 serikali ikaanza kufungua wodi ambazo huduma yote inatolewa na wafanyakazi wa hospitali, familia inarudi kulala nyumbani. Mgonjwa akianguka kitandani saa nane usiku, kwenye mfumo wa kwanza unamuuliza nani? Shangazi aliyesinzia?

Na umenigusia jambo nililolisahau: kwa sababu hii namba za nchi mbili hazilinganishiki hivi hivi. Wagonjwa 8 wenye wasaidizi wawili wa kuosha na kulisha ni kazi moja. Wagonjwa 8 unaowaosha mwenyewe ni kazi nyingine. Wagonjwa 40 wenye ndugu 40 ni kazi ya tatu kabisa, hapo nesi anagawa dawa, anafunga vidonda, anaandika, na hana muda wa kukaa na mtu. Ukiambiwa namba, uliza papo hapo nani mwingine yupo sakafuni.

#8 Mkunga_Mstaafu

Wanangu, mmeongea yote mkasahau uzazi. Mimi nimezalisha mpaka watoto niliowapokea wameniletea wajukuu kuwapokea. Nchi nyingi za Afrika nesi anasomea uuguzi na ukunga kwa pamoja, anatoka na mikono miwili. Akienda Uingereza wanamkata nusu: uuguzi ni sajili yake, ukunga ni sajili yake, na ukunga ndio mkubwa kwa umri, wana sheria ya wakunga tangu 1902 wakati ya manesi ni ya 1919. Usipokuwa kwenye sajili ya wakunga, mama akishikwa na uchungu mbele yako utaita mwenye kibali.

Na uuguzi wenyewe wameukata tena mara nne: watu wazima, watoto, afya ya akili, na wenye ulemavu wa kujifunza. Unachagua tangu chuo. Wengine huku tunasoma vyote.

Ufaransa mkunga hahesabiwi nesi kabisa, yuko kundi moja na madaktari na madaktari wa meno. Uholanzi mkunga ana ofisi yake, anampeleka mama hospitalini pale tu anapoona hatari. Marekani mkunga wa hospitalini kwa kawaida ni nesi kwanza, halafu anasoma shahada ya uzamili. Ujerumani sheria inamtaka daktari ahakikishe mkunga yupo kila mtoto anapozaliwa; mkunga anaweza kuzalisha bila daktari, daktari asizalishe bila mkunga isipokuwa dharura. Hiyo nilipoisikia nilicheka mpaka machozi.

#9 Mwanafunzi_Mwaka_wa_Tatu

Shikamoo mama Mkunga. Shikamooni wakubwa wote. Sasa mimi ambaye sijamaliza chuo nijiandae vipi? Nimeshachanganyikiwa, kila nchi ina mtihani wake.

#10 Zamu_ya_Usiku

Marahaba mdogo wangu. Hifadhi saa zako za mafunzo ya vitendo, zimeandikwa na kupigwa mhuri, wodi kwa wodi. Watu wanakwama hapo kuliko kwenye mtihani. Umoja wa Ulaya kipimo chao ni miaka mitatu na angalau saa 4,600, nusu yake iwe vitendo. Marekani wanataka kuona umesoma na kufanya vitendo kwa watu wazima, watoto, uzazi na afya ya akili. Pengo la afya ya akili limewarudisha wengi darasani. Chuo chako kikishindwa kuonyesha saa hizo miaka kumi baadaye kwa sababu faili lililiwa na mchwa, hakuna wa kukuokoa.

Mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, NCLEX, ni wa kompyuta inayokusoma: ukipata inakupa gumu zaidi, ukikosa inashuka, na inaacha kuuliza ikishajiridhisha. Maswali ni kati ya 85 na 150. Kanada wanautumia tangu 2015, na Australia tangu 2020 kwa wengi waliosomea nje, pamoja na mtihani wa vitendo. Uingereza wana wa kompyuta na wa vitendo, huu wa pili unaufanyia kule kule. Na kumbuka Marekani leseni ni ya jimbo. Majimbo mengi yameingia makubaliano ya leseni moja, California haimo.

#11 Sare_ya_Bluu

Niongeze Ghuba, maana wengi wetu ndiko tunakoanzia. Saudi Arabia sehemu kubwa ya manesi ni wageni. Zamu moja unakuta Mfilipino, Mhindi, Mmisri, Mwafrika, na Kiingereza cha kila mmoja kina ladha yake. Nyumba, tiketi, hakuna kodi ya mapato, sheria ya kazi inaweka saa 48 kwa wiki. Vyeti vinahakikiwa moja kwa moja kutoka chuoni, kwa hiyo wenye vya kununua wasijisumbue.

Vifaa ni vya juu. Kilichonisumbua mimi ni kuhamishwa hamishwa: mkataba umeandikwa mahututi, unafika unaambiwa wodi ya kawaida leo, kesho dharura. Mahali nilipoanzia walitaka pia kukaa na pasipoti yangu "kwa usalama". Nilikataa kwa adabu, nikanuniwa mwezi mzima. Tangu mageuzi ya 2021 mfanyakazi anaweza kuhamia mwajiri mwingine kwa masharti bila ruhusa ya wa kwanza, hilo limesaidia. Nililolichukia hadi leo ni mimi na mwenzangu, kazi sawa, uzoefu sawa, mshahara tofauti kwa sababu ya pasipoti.

#12 Zamu_ya_Usiku

Dada Sare, kwenye pasipoti naungana na wewe.

Nirudi kwenye kiuno nilichokitaja mwanzo. Uingereza kanuni za 1992 kuhusu kubeba mizigo zilibadilisha wodi. Mwajiri anatakiwa akuepushe, kadiri inavyowezekana, na kumnyanyua mgonjwa mzima kwa mikono mitupu, kuna winchi ya kumnyanyulia na shuka la kumtelezesha. Kwingine tunahesabu moja, mbili, tatu, na mtu wa tatu kwenye kunyanyua ni ndugu wa kitanda jirani. Sindano vivyo hivyo: Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 na Umoja wa Ulaya ikatoa agizo lake 2010, kwamba waajiri watumie sindano zenye kinga zinazojifunika baada ya kuchoma. Ni plastiki ndogo tu. Asiyewahi kusubiri majibu ya damu baada ya kujichoma hawezi kuelewa plastiki hiyo ina thamani gani.

Zamu nazo: England, Ireland na Poland saa 12 zimezoeleka, Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia ni kama saa 8. Vijana wanazipenda 12 kwa sababu ya siku nyingi za mapumziko. Tafiti za Ulaya zimezihusisha na uchovu uliopitiliza na huduma duni. Mimi nikipewa uchaguzi nachukua 8, lakini najua humu nitapigwa mawe.

#13 Kofia_Nyeupe

Hakuna aliyegusa kosa. Ukikosea dawa inakuwaje? Kwangu mimi hilo ndilo linaloamua nchi ya kufanyia kazi.

#14 Zamu_ya_Usiku

Swali zuri kuliko yote humu. Machi 2022 mahakama ya Tennessee ilimtia hatiani nesi aliyempa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kumtuliza, mgonjwa akafa. Alikuwa amekiri tangu mwanzo. Alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, leseni alishanyang'anywa. Manesi wa Marekani walitikisika, kwa sababu ujumbe walioupata ni kwamba kukiri kunakupeleka kizimbani. Ndiyo maana kule unaandika kila kitu, unaskani mkono wa mgonjwa, unaskani dawa, na nusu ya zamu unaitazama kompyuta.

New Zealand tangu 1974 wana mfuko wa taifa unaomlipa aliyeumizwa na matibabu bila kumtafuta wa kumshtaki. Sweden tangu 1937, baada ya wagonjwa wanne kufa hospitalini Stockholm kwa kuchomwa dawa ya kuua vijidudu badala ya ganzi, wana sheria ya kuripoti madhara makubwa kwa mamlaka ya juu, na lengo lake ni kujua yametokeaje. Adhabu bado ipo kwa mzembe wa kweli. Ila nesi aliyeona hitilafu haogopi kuiandika.

#15 Bwana_Dripu

Sawa, mmenilainisha kidogo. Lakini mkishaondoka wote, wagonjwa mnaowaacha anawashika nani?

#16 Zamu_ya_Usiku

WHO wana kanuni tangu 2010, na orodha yao ya 2023 ina nchi 55, 37 za Kanda ya Afrika, ambazo wengine wanaombwa wasiende kufanya kampeni za kuajiri humo bila makubaliano kati ya serikali. Haimzuii mtu binafsi kuomba kazi, wala isimzuie. Ripoti yao ya 2025 inahesabu manesi milioni 29.8 duniani na upungufu wa milioni 5.8, na nesi 1 kati ya 7 alizaliwa nje ya nchi anayofanyia kazi. Kwenye nchi tajiri ni karibu robo.

Kinachoniudhi ni kingine. Nchi kadhaa zenye upungufu mkubwa zina manesi wenye leseni waliokaa nyumbani kwa sababu serikali haina bajeti ya kuwaajiri. Ufilipino waliandika kima cha mshahara wa nesi wa serikali kwenye sheria ya 2002, na ikabidi kesi ifike Mahakama ya Juu 2019 ndipo utekelezaji uanze. Halafu mwaka uliofuata wakaweka ukomo wa idadi ya manesi wanaoruhusiwa kuondoka. Kumfungia mtu mlango ni rahisi kuliko kumlipa.

#17 Mwanafunzi_Mwaka_wa_Tatu

Kaka yangu ni nesi, leo amefanya usaili kwa video na hospitali ya nje. Nilimwambia aulize wagonjwa wangapi kwa zamu. Wamemjibu "inategemea".

#18 Kanula_ya_Kijani

Mimi pia nilijibiwa hivyo hivyo. Nikasaini.

#19 Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu, awaandikie barua pepe kesho. Aulize wodi aliyopangiwa ina vitanda vingapi, wiki iliyopita usiku ilikuwa na manesi wangapi wenye leseni na wasaidizi wangapi, na mapumziko anayemshikia wagonjwa ni nani. Wakijibu kwa namba, majibu hayo ayahifadhi pamoja na mkataba. Wakirudia "inategemea", lete jina la nchi hapa, wodi na mji usitaje, tutafute aliyepo kule atuambie inategemea nini.